Pambizoni

Mwaka wa ishirini na mbili sasa nachapa hukumu
hapa Mahakama Kuu, Moshi, chumba ambacho dirisha lake
limeupa mlima kisogo.
Mwandiko wa kila jaji naujua kama nesi ajuavyo mishipa:
huyu hukandamiza kalamu akiwa na shaka,
yule huandika herufi kubwakubwa akiwa na njaa.

Jana Jaji Haule kaniletea kurasa thelathini na moja.
Shauri la Aikaruwa, mjane wa Machame,
aliyeambiwa na ukoo wa mumewe
kwamba kihamba hakirithiwi na aliyekuja na begi.
Hakuja kuomba migomba. Aliomba mila yenyewe
isimamishwe mbele ya Katiba, ibara ya kumi na tatu,
ionekane kama inaenea mlangoni.

Majaji watatu, siku nne.
Siku ya pili akaulizwa: "Mipaka unaijua?"
Akainua mikono, akapima hewani:
hapa mfongo, hapa masale niliyopanda mwenyewe,
hapa kaburi.
Akaishusha polepole, kama anayetua debe la kahawa.
Haule alivua miwani, akaifuta.
Ilikuwa safi.

Basi nachapa, nachapa, nafika ukurasa wa kumi na tisa,
na pambizoni, kwa wino mwingine, maneno manne:
mama yangu pia alihamishwa.
Ameyakata. Mstari mmoja tu, mwembamba,
kama mtu anayerudisha mlango usiku
asiamshe watoto.

Wakili wa ukoo alishasema:
"Waheshimiwa, Katiba haina machozi.
Leo mkilia na huyu, kesho mtalia na nani?"
Nilimchukia mpaka saa ya chai.
Kisha nikamkumbuka jaji mmoja, marehemu, simtaji,
alivyomwonea uchungu mwenye basi
lililoua wapagazi wanne.
Naye alikuwa na basi. Aliujua mkopo, aliijua breki,
alimjua dereva anayenuka asubuhi.
Mzigo wa mtu hakuwahi kuubeba kichwani.

Huruma nayo ina kwao.
Ifungulie jioni, uone zizi gani inaliendea.

Lakini wewe wakili, niambie:
"Watu wote ni sawa mbele ya sheria."
Sawa na nani? Sawa vipi?
Neno lenyewe ni mti wa mizani, mtupu,
mpaka mtu aweke kitu sahanini,
na hakuna awekaye asichowahi kukiona.

Na Elinami, shemeji mtu, nilimwona.
Kavaa koti la marehemu, mikono imemzidi,
vidole vyachungulia.
Watoto sita juu ya robo eka ya mawe.
Kwa ajili yake nani alifuta miwani?
Nikawa natafuta kosa, nakiri,
nikalikosa: ukurasa wa ishirini na nne
Haule amempa aya nzima, ndefu kuliko ya mjane.
Njaa yake kaiandika, hofu yake kaiandika,
hata lile koti.
Kisha akamnyima.

Niliisoma aya hiyo mara tatu, chai ikapoa.

Maneno manne sikuyachapa. Yamekatwa, yamekatwa,
kazi ni kazi.
Ila pale yalipokuwa
niliruka mstari.

Leo asubuhi, kalamu mkononi, ananiuliza:
"Bi. Kileo, hapa mbona pana pengo?"
"Printa, Mheshimiwa."

Akaliangalia lile pengo
kwa muda unaotosha kusoma maneno manne,
pengine na jina la kijiji.
Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati ya masijala.

Akatia sahihi.