Dakika Nzima

Usimguse kwanza, anasema Sista Amongin.
Mpandishie gauni tu, utazame.
Mtoto hajui kusema "kifua". Anakionyesha.

Thembo ana diploma ya wiki sita,
stetoskopu mpya shingoni kama cheo,
na mkono ulioanza kuandika malaria
kabla mama hajamaliza kukaa.
Maana hapa Bwera, masika yakikolea, homa ina jina moja
na kalamu imeshazoea njia.

Futa. Hesabu.
Saa ya ukutani imelala tangu Krismasi;
wanatumia simu ya sista, yenye ufa kiooni.
Nikihesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili?
Foleni imefika getini, kwa muuza mihogo.
Nusu dakika, anajibiwa, ni nusu ya mtoto.

Basi anahesabu.
Tumbo lapanda, lashuka. Kumi na tisa, ishirini,
lori la mpakani linapiga honi, anapotea.
Upya. Mtoto analia; wanangoja anyonye, atulie.
Upya tena.
Hamsini na nane.

Kwa miezi tisa, hamsini tu ni hodi mlangoni.
Kipimo cha malaria kimetoa mstari mmoja, mkiwa.
Mbavu za chini hazijaanza kubonyea ndani.
Ananyonya. Hatapiki. Hajapata degedege.
Tumewahi, anasema sista, tena kwa sauti ya kawaida,
na amoksisilini inaandikwa: iyeyushwe kijikoni,
asubuhi na jioni, siku tano,
hata akicheka siku ya pili.

Thembo anajaza kadi. Jina?
Kabugho.
Kalamu inasimama.

Sista kwao Soroti, majina ya huko yana njia zake;
hajui kwamba huku hilo ni jina la binti wa tatu.
Thembo anajua. Naye ni wa tano kwao, jina lake linasema.
Anauliza kwa Kikonzo, polepole:
Masika yuko wapi? Na Biira?

Masika yuko shuleni.
Mama anafunga kitenge, anafungua, anafunga.
Biira alikuwa na homa, anasema,
akipumua mbiombio, hivi.
Walimpa dawa ya malaria.

Kabugho amelala, mdomo wazi, titi limemtoka.
Sista anafuta kioo cha simu kwa kanga ya mkono wake,
mara mbili, tatu, kana kwamba ufa ni vumbi.

Mtoto mwingine analetwa.
Thembo anaifunika kalamu, anaitia mfukoni,
anapiga magoti.