Pambizoni

Karasjok, Sunna anasahihisha kitabu chake,
sura ya tatu: Mungu Mchungaji.
Ameandika anatangulia, fimbo mkononi,
kundi nyuma,
kama alivyofundishwa chuoni.

Bibi Elle, miwani imefungwa uzi,
anasoma, anaguna, anaomba penseli.

"Nani hapa humtangulia kulungu wa theluji?
Yeye ndiye ajuaye kuvumwani
ilikojificha chini ya barafu.
Babu yako aliwafuata miaka hamsini,
unyayo juu ya kwato,
akilala walipolala."

Kisha pambizoni, kwa lugha
iliyomponza shuleni akala bakora,
anaandika polepole, mkono ukitetemeka:
*Yuko nyuma yetu.*

Sunna, bila kutaka, anageuka.
Mlangoni viatu vyao,
theluji ikiyeyuka.