Kubisha

Alibisha hodi kibandani kwangu, Msasani Makangira,
akasema, "Nina matanga."
Nikampa pole, nikasimamisha cherehani,
nikaanza kutafuta khanga ya kujitanda.
Akacheka mpaka akakohoa:
nje, juu ya toroli, vitambaa viwili vyeupe
vimekunjwa kama mashuka ya hospitali.

Kazi yangu ni viti vya bajaji na maturubai ya baa.
Tanga la chombo sikuwahi kushona.
Akanionyesha lilipochanika kwa kidole
chenye grisi ya miaka arobaini
ya duka la bearingi, Gerezani.
Stamati, alisema. Mgiriki wa Kilosa.
Baba yake alikuja kwa mkonge, akabaki kwa malaria,
halafu akabaki tu.

Uzi niliupaka nta. Mshono niliurudia mara tatu.
Siku ya malipo alitoa nusu;
nusu ya pili, alisema, utaidai kisiwani.

Jumapili, basi, mimi Siwema binti Kachenje,
ninayekiona kisiwa cha Mbudya kila nikianika nguo
na sijawahi kukikanyaga,
nikapanda yoti yenye choo, na jiko, na sahani zisizoteleza.
Nilitapika kabla ya Bongoyo.
"Bongoyo?" akasema. "Kile ni Lero."
Pangavini, jiwe lile, akalipa jina refu
lenye kuzomea mwishoni.
Mezani alikuwa na ramani ya bahari nyingine
imebandikwa kwa selotepu juu ya ramani ya bahari yetu,
na Mbudya, kwa leo, ilikuwa Kalimno,
alikozaliwa bibi yake, binti wa mpiga mbizi.

"Kukoje huko?"
Akalegeza kamba. Akaikaza tena.
"Sijafika."

Upepo ulikuwa usoni. Hatukwenda moja kwa moja:
tulikata kulia, tukakata kushoto,
chombo kikilalia ubavu, glasi zikigombana kabatini.
Huku ndiko kubisha, akanifundisha,
Mgiriki akinifundisha neno la nyumbani kwangu,
nami nikawaza: abishaye hodi,
na abishaye neno, na abishaye upepo,
wote wanataka kufika
mahali ambapo njia iliyonyooka imekataa.
Kisiwa sikukitazama. Nilitazama mshono.
Kila tanga lilipojaa ulitoa sauti ndogo,
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Ukashika.

Ufukweni, kijana wa hifadhi,
kitabu cha risiti ndani ya mfuko wa rambo.
Alinitazama mimi, akaandika.
Alimtazama yeye, akauliza,
"Raia au mgeni?"
Maana bei zao haziko jirani.

Stamati alisimama, maji magotini, viatu mkononi,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
hakuwa na jibu la haraka.
Niliona anavyotaka kusema mgeni.
Mgeni kabisa, ameshuka sasa hivi Kalimno,
wa kwanza katika ukoo mzima kurudi,
na dola angezilipa, nadhani, kwa furaha.
Halafu akafungua mfuko wa plastiki, mafundo mawili,
akatoa kitambulisho cha taifa,
picha yake humo amekunja uso kama mwenye deni.
"Wa Kilosa," akasema. "Andika Kilosa."
Kijana akakata tiketi mbili za bei moja.

Tulikula changu wa kukaanga na zeituni za kopo,
chumvi tupu; nilimeza mbili kwa heshima.
Aliokota kokoto, akaitia mfukoni.
Akaitoa. Akairudisha palepale ilipokuwa,
akaigeuza kidogo ikae sawa.
"Hairuhusiwi," alisema. "Hifadhi."

Kurudi, upepo ulitushika mgongoni.
Hapakuwa na kubisha. Hapakuwa na safari, karibu.

Ile nusu hakunilipa, nami sikudai.
Tiketi iko kwenye droo ya cherehani,
pamoja na sindano nene na chaki iliyovunjika.
Siku hizi nikipanda kuanika nguo
siulizi kile ni kisiwa gani.
Natafuta kitone cheupe baharini,
nikikipata naacha shuka mkononi lidondoshe maji,
nitazame kama kinakwenda tu
au kinabisha.