Kurasa Sitini na Nne

Bumu limeingia Alhamisi. Nilijua kabla sijaambiwa,
kwa viatu vipya kwenye vumbi la Msewe,
kwa mawigi, kwa simu zenye macho matatu mgongoni
zinazoinuliwa kaunta: "Dada, nitume kwa namba ipi?"

Kopi, ukurasa shilingi hamsini.
Jalada gumu la bluu, jina kwa dhahabu, elfu kumi na tano.
Na ile huduma isiyobandikwa ukutani
tunapatana kwa sauti ya chini, kama wauza mirungi.

Mimi ni kidato cha nne, daraja la nne, pointi ishirini na nane.
Ila nimeandika mikoko ya Kunduchi,
vikoba vya akina mama wa Mbagala,
kisukari kwa wazee wa Temeke,
na mara mbili, kwa wateja wawili, kwa bei mbili,
sababu za maji kukatika Kimara.
Hiyo niliiandika kwa uchungu. Nakaa Kimara.

Jana kaja Tumsifu, mwaka wa tatu.
Kaweka laki mbili juu ya stepla.
"Nataka B," akasema. "A watashtuka."
Kama anayepimiwa sukari: nusu, usizidishe.
Nikamuuliza mada. Akaitafuta kwenye simu,
akaisoma polepole, kama jina la mgeni.

Pale Mwenge kuna bango: binti kavaa joho, meno yote nje,
DIRISHA LIKO WAZI, PUNGUZO KWA WATAKAOWAHI.
Hatua ishirini mbele, bango la friji.
Binti ni yuleyule.

Dokta Mbonea naye ni mteja wangu.
Hutoa kopi za fomu ambazo wanafunzi humjazia:
Umeridhika na huduma? Nyota ngapi?
Muhula uliopita alimfelisha kijana mmoja,
wazazi wakamfuata na risiti ya ada mkononi:
tumelipa kamili, mbona mzigo una kasoro?
Alinisimulia akicheka. Akasahau chenji.

Kila kazi ninayoiandika ina ukurasa wa shukrani.
Mungu kwanza, wazazi, msimamizi kwa miongozo yake.
Mwishoni huongeza mstari wangu mmoja:
*na dada wa steshenari, kwa uvumilivu.*
Hakuna mteja aliyewahi kuufuta.
Ili uufute, sharti uusome.

Leo jioni Dokta kaingia bila fomu.
"Kazi nane," akasema, "zinamshukuru dada mmoja."
Nikashika ukingo wa meza. Umeme ukakatika,
mashine ikashusha pumzi, feni ikazunguka ikachoka.
Nikasubiri neno polisi. Nikasubiri neno bei.

"Ile ya maji ya Kimara," sauti yake ikatoka gizani,
"ukurasa wa arobaini na moja.
Unailaumu bomba kuukuu. Ushahidi wako uko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikapapasa, nikapata kiti,
nikamsogezea.