Pini ya Sitini na Mbili

Ameilaza juu ya gazeti la juzi, hapa Igogo,
kama sato mezani, jicho likitazama juu.
"Mzee Lukelesha, niandikie tu: vyote vya asili."
Mnunuzi wake yuko Kapripointi. Ana hela, ana haraka.

Mimi sina. Nafungua dirisha la upande wa ziwani;
mwanga utokao majini hausitiri chuma.

Fremu: 4417. Mtutu: 4417.
Mkono uliogonga ni mmoja, nne ya kwanza imelalia kushoto,
weusi umezama hadi shinani mwa tarakimu.
Waligonga kwanza, wakatia rangi baadaye,
vikazeeka pamoja.

Vipande vidogo hubeba mbili za mwisho tu.
Kifyatuo: 17. Komeo la usalama: 17.
Pini...
nafuta lenzi kwa pindo la shati.
Pini: 62.

"Kakitu kenyewe njiti ya kiberiti!" anacheka.
"Nina jamaa Makoroboi ana chapa za namba.
Afute, agonge kumi na saba. Nani atajua?"

Nitajua. Namba mpya kwenye chuma cha zamani
hung'aa chini, kama jino la kubandika.

Lakini silo hilo lililonikausha mate.

Jumamosi ile ghala lilikuwa mikononi mwangu.
Bugumba na Magafu, mkeka mmoja, kopo moja la mafuta,
bastola mbili zimefunguliwa zote.
Mvua ikaja kwa kishindo toka Ukerewe,
wakazoa, wakaunga, wakakimbia nazo ndani.
Nikasaini daftari: silaha mbili, kamili.
Sikutazama pini.

Jumanne 4462 ikaenda doria, kiunoni mwa Magafu.
Boti ilipinduka ng'ambo ya Kome.
Tulipata kofia. Tulipata kasia.
Mama yake alikaa ufukweni siku tisa
akiuliza kila mtumbwi.

Kumbe kipande kilibaki. Miaka yote hii
kimekaa tumboni mwa nyingine, kikipakwa mafuta,
na kumi na saba iko huko chini, kwenye tope.

"Mzee, umelala?"

Naomba kalamu. Naandika polepole,
herufi za mtu aliyekwisha kusaini vibaya mara moja:

*Pini, 62. Si ya bastola hii.
Isifutwe.*

Anasoma, anasonya. Bei imeshuka nusu, anasema.

Namrudishia bastola.
Mkono wangu unachelewa kidogo kuiachia.