Gramu Mia Nne na Thelathini

Mizani nimeiazima kwa muuza sambaza wa Nyawera;
bado inanuka ziwa.
Hapa Nyangezi naitundika kwenye mkaratusi
na kila siku ya nane napima majani
niliyokata ndani ya fremu ya waya, nusu mita kwa nusu mita,
nimepiga magoti kama mtu aliyeangusha sindano.

Usiku, Bukavu, umeme hukatika
nikifika kwenye desimali.
Kompyuta inakunywa betri yake ya mwisho,
nami naikaririsha setaria fomula yake
kama anayemfundisha mtoto shairi:

*Anza na jani la jana, ongeza mvua na jua,*
*toa uzee wa shina, tawi lisilochipua,*
*zidisha joto mchana, ondoa yaloungua:*
*kesho utakayoona, leo umekwishajua.*

Mchoro wake ni nyoka anayeamka:
kwanza amelala, kisha anajiinua ghafla,
kisha anachoka, ananyoosha shingo.
Wiki tano nyoka huyo alinitii.

Wiki ya sita mashine ilisema mia sita na arobaini.
Mizani ya samaki ikasema mia mbili na kumi.
Vitabuni tofauti hiyo huitwa mabaki,
kana kwamba kuna mtu aliyekwisha kula.

Nilishuku mvua. Ndani ya kipimamvua
nilikuta konokono mmoja, na maji yaleyale niliyoyaandika.
Nilishuku udongo. Nilishuku mkono wangu.
Nikamshuku Mugisho na ng'ombe wake wawili.
"Wawili," akasema. "Walikuwa kumi na tisa
mbele ya wale watu kupita.
Na ng'ombe anang'oa kwa ulimi. Angalia vizuri:
hapa kumepita kisu."

Alfajiri ya Alhamisi alikuja na ukungu,
Nsimire, miaka kumi,
mundu mkononi, kitenge cha mama yake kimefungwa shingoni.
Akainama ndani ya fremu yangu hasa,
maana humo, aliniambia bila kushtuka,
majani ni laini kuliko pote:
si wewe unayakata kila wiki?

Simbilisi kumi na wanne chini ya kitanda,
wale wadogo wasio na mkia,
wanaolia kama mlango usiotiwa mafuta.
Ng'ombe, wakija watu, utamficha wapi?
Simbilisi unamtia kikapuni,
unamfunika kwa sombe, unakimbia.
Wawili wameshakuwa daftari.
Mmoja alikuwa sabuni.
Wanne, Mungu akipenda, watakuwa ada ya muhula.

Profesa Ntakwinja ameandika pembeni kwa wino mwekundu:
*Wiki ya sita ni kosa. Futa.*
Sikufuta.
Nimeongeza herufi moja, n ndogo,
baada ya mvua, kabla ya yaloungua,
na chini yake maelezo:
mkono mmoja, mundu mmoja, kila Alhamisi,
gramu mia nne na thelathini.

Nyoka amerudi kwenye mstari, au karibu.
Jana mashine ilisema mia mbili na tano.
Nikatundika mizani, nikasubiri itulie.
Tisini.

Simbilisi wamezaa.