Kimlenda

Mimi ni mwalimu wa hisabati.
Kipindi cha sanaa nilipewa kama mgeni anavyopewa
kiti chenye mguu mbovu: kwa heshima, bila maelezo.
Darasa la Tatu B, Hombolo, mwezi wa kumi.
Watoto sitini na wanne. Brashi hakuna.

Nikaenda dukani kwa Mama Chilewa:
bluu ya kufulia, vidonge vitano,
manjano ya unga, kijiko cha kujaa.
"Mwalimu, leo unapika au unafua?"
Nikamwambia vyote viwili.
Wekundu nilikuwa nao nyumbani,
rosela niliyoichemsha hadi ikawa nzito kama deni.

Vijiti tulivitafuna ncha vikawa brashi.
Mfuko wa saruji, upande wa ndani, ukawa karatasi.
Vizibo vya soda ndivyo vyungu vyetu.

"Bluu jumlisha manjano," nikasema kwa mazoea,
"sawasawa na?"
"Mbiliii!" wakajibu wote
isipokuwa Malogo wa dawati la nyuma, aliyekwisha kuchovya.
Yeye alisema polepole, kama mtu aliyeona nyoka:
"Mwalimu. Imeota."

Nje hapakuwa na jani.
Migunga imebaki miiba,
bwawa limerudi nyuma na kuacha matope
yaliyopasuka kama visigino,
mbuzi wanatafuna boksi la chaki.
Na humu, ndani ya kizibo,
masika.

Ndipo nikawaambia jambo lisilo kitabuni:
Kiswahili kina rangi tatu kilizozaliwa nazo,
nyeusi, nyeupe, nyekundu.
Nyingine kimeziokota njiani kikipita,
kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu la mekoni,
kahawia kwenye kahawa ya watu wa milimani,
manjano ni haya haya mliyoyamwaga sakafuni.
Nyemo akanyoosha kidole:
"Kilipokuwa kinaokota, kwetu hakikupita?"
Nikafuta ubao uliokuwa safi.

Rosela na bluu. "Hii ni zambarau," nikatangaza.
Zambarau ni mti gani? Hawaujui.
"Hiyo ni zabibu," akasema mtoto wa mzee Mkunda,
"ya wiki ya mwisho, kabla nyuki hawajaiwahi."
Sikubishana. Baba yake ana ekari mbili.

Sechelela hakuuliza.
Alichanganya bluu na manjano, akaona haitoshi,
akatia rosela, akatoka kwenda jikoni kwa uji
akarudi na majivu kiganjani, akatia, akatema mate, akakoroga.
Ikatokea kitu si kijani, si kijivu,
si kahawia hata kwa kusamehewa.
Nilitaka kusema: umeharibu.
Neno lilikuwa tayari mdomoni, limekaa kama kokwa.

"Mlenda," akasema.
Mlenda upi?
"Mkavu. Ule wa bibi, wa kuanikwa juu ya bati,
umeshatwangwa, maji bado haujayaona."

Wenzake wakasogea. Mmoja akanusa karatasi.
Kimya kile sijawahi kukipata kwa hesabu za kugawanya.

Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wa mtihani:
kimlenda.

Jumatatu alikuja mkaguzi, faili kwapani.
Akasimama ukutani penye mifuko ya saruji,
kidole chake kikatua palepale.
"Hii rangi gani?"
Sauti sitini na nne zikamwambia.
Akafungua muhtasari, akapekua, akarudia kupekua.
Halafu akaufunga, akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini,
sokoni kwenu kisado sasa ni bei gani.

Jioni nilifua shati.
Doa la manjano lilipoguswa na sabuni
likageuka jekundu mikononi mwangu.
Nimesuuza, limerudi manjano.
Nimepaka sabuni tena.
Sijui kwa nini. Sabuni haikuwa na wekundu.
Nimelianika hivyo hivyo na doa lake,
kesho nitawauliza.